Siku Nilipolikana Shamba la Mama

Nilikusudia kufa na siri hii, lakini kwa kuwa jirani yangu Ponsi ameshaanza kuisimulia vijiweni akiongeza chumvi, bora mnisikie mimi mwenye aibu yangu.

Ilikuwa msimu ule wa korona. Mpunga wetu wa mwaka uliotangulia umelala ndani kwa kukosa wanunuzi, hela ya vibarua wa palizi hatuna, na ekari ya mama hapa kijijini Mbingu imemezwa na magugu, mpaka kuuona mpunga inabidi uiname. Ningeweza kupalilia mwenyewe, lakini (niseme ukweli) nilikuwa nikishika jembe kidogo tu nakaa kivulini, napanga nyumba ya tofali nitakayomjengea mama. Basi tukasikia serikali inatoa fedha za kuwashika mkono wakulima, afisa kilimo atapita shamba kwa shamba. Mama, mguu umemvimba, akaniambia, "Nenda wewe mwanangu. Tukipata hata ya vibarua, mpunga utapona."

Nikafika, nikalitazama shamba letu, nikaona haya. Ng'ambo ya njia tu, la Mama Oliva linameremeta kama kitenge kipya, na mwenyewe hayupo. Nikajiambia, wacha nisogee hatua chache. Nikapanda dungu lake, kile kichanja cha kuamia ndege, nikalipiga debe nililolikuta juu, "Haaa! Swiii!" (Ndege wenyewe hakuna, mpunga haujatoa hata suke.)

Afisa akaja, dada mpole mwenye barakoa, nyuma yake majirani wanaosubiri zamu. Wote wanajua shamba ni la nani, lakini wakabana vicheko waone nitaishia wapi.

"Hili la kwako, kaka?"

"Langu na mama," nikajibu kwa sauti nene.

"Hongera! Umewezaje kulitunza msimu mgumu hivi?"

Hapo ndipo ningeshuka. Badala yake nikatoa hotuba, mara kuamka alfajiri, mara palizi mbili, mara vijana tuache uvivu, na Ponsi, asiye na huruma, anachochea, "Ongeza mwalimu, tunajifunza!" Nikaongeza.

Yule dada akafunga daftari. "Safi sana. Basi wewe huhitaji. Fedha hizi ni za waliokosa soko, wakashindwa hata kupalilia."

Jamani! Debe likanidondoka, likatua karibu na miguu ya Mama Oliva, anakuja zake na jembe begani.

"We Fide! Unafanya nini kwenye dungu langu? Ndege gani mwezi huu?"

Vicheko vilivyolipuka, nadhani Ifakara mjini walivisikia. Nikashuka mbiombio, ngazi ikavunjika, nikakaa kwenye tope. Palepale topeni nikasema yote, mguu wa mama, mpunga unaokufa. "Shamba letu ni lile, dada. Lile baya."

Akavuka njia, akatazama, akacheka mpaka barakoa ikashuka. "Siku nyingine usinidanganye, nitakukata jina. Haya, mama anaitwa nani?" Akamwandika. Mama Oliva naye akatoa hukumu yake: nitengeneze ngazi, na mpunga ukitoa masuke nimwamie ndege mpaka mavuno, bure.

Ekari ya mama ilipona. Nami nimeapa, nikiulizwa shida yangu naionyesha ilivyo, maana ukiipaka rangi, aliyekuja kukusaidia atakupa hongera na kwenda zake.