Faili Lililoitwa Mama

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa imekataliwa na watu watatu kabla ya kunifikia mimi. Kioo kilikuwa na ufa, betri haikushika chaji, na ukifungua programu yoyote yenye madirisha na vitufe vya rangi, ilikuwa inaganda kama ugali uliolala. Fundi wa Manyoni aliyeniuzia hakunificha. Alisema, "Dada, hii mambo ya picha picha haiwezi. Ila ukiiandikia amri, inafanya." Akaniwekea mfumo wa bure, akanifungulia ukurasa mweusi wenye kijimstari kinachopepesa, akanitakia kazi njema.

Mimi si mtu wa kuogopa ukurasa mweusi. Nafundisha darasa la pili. Mtu anayeweza kulinyamazisha darasa la pili saa saba mchana, wakati njaa na joto vimeshawapanda watoto kichwani, hawezi kushindwa na mashine inayosubiri kuambiwa. Nilichapisha maelezo ya programu ya kurekodi, nikakaa nayo na kamusi ya Kiingereza, nikayasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani wa taifa.

Amri ya kwanza ilirekodi. Ya pili ilicheza nilichorekodi. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nipige kigelegele peke yangu chumbani: ilinichezea sauti ya kwanza masikioni huku ikirekodi ya pili kwenye faili lingine. Nikaimba wimbo wa kwaya yetu, nikauimba tena kwa sauti ya pili juu ya ule wa kwanza, nikaongeza ya tatu. Kisha amri moja zaidi ikaziunganisha zote. Nikajisikia nimekuwa kwaya nzima, na hakuna aliyechelewa mazoezi. Sauti zilikuwa zinapishana kidogo, kwa sababu mashine ilichelewa kunisikia, lakini hilo nalo lilikuwa na amri yake. Siku ya tatu niliipata.

Kilichonivutia zaidi ni tabia yake. Ikifanikiwa, inanyamaza. Hakuna pongezi, hakuna alama ya kijani. Kile kijimstari kinarudi kupepesa, basi. Ukikosea ndiyo inasema. Nilielewana nayo haraka kwa sababu nililelewa na mtu wa namna hiyo hiyo.

Huyo ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenichukua nikaishi naye Kintinku nikiwa sijaanza shule. Sikumbuki alinisifu lini. Ukisonga ugali vizuri, alikula akanyamaza. Lakini wakati wa kupura uwele, alikuwa na maneno kuliko kijiji kizima. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Wanawake walizunguka ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa masuke, fimbo zikapanda na kushuka, naye akatupa mstari mmoja wa Kigogo hewani, wa kumcheka mume mvivu au wa kumlilia marehemu, na wengine wakamjibu. Nimesikia waimbaji wengi. Wote nawapima kwake, na wengi hawafiki.

Mwaka ule nilionunua kompyuta, tezi ya shingo yake ilikuwa imekua hadi inamsumbua kumeza. Hospitali ya Dodoma wakasema ni lazima ikatwe. Daktari akaongeza, kwa upole, kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba sauti itabaki ilivyo. Mama mkubwa alinipigia simu kunieleza, tena kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alikuwa anaondoka Jumapili.

Nikaomba ruhusa shuleni. Alhamisi nilikuwa Kintinku na kompyuta yangu, maikrofoni ya kwaya niliyoazima, na imani kubwa mno juu yangu mwenyewe.

Studio ilikuwa ghala la nafaka. Nilitundika mablanketi ukutani ili sauti isigonge na kurudi, nikawafukuza kuku. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Nilimwekea hedifoni zenye mlio wa kuhesabia, tik, tik, tik, ili asipoteze mwendo. Alisikiliza kidogo, akazivua.

"Nani huyu anayegonga?"

"Ni mashine, mama. Inakupa mwendo."

"Haijawahi kupura. Itoe."

Nikaitoa. Tukatandaza ngozi, tukamwaga masuke, tukapiga fimbo mimi na yeye, na hizo fimbo ndizo nilizozirekodi kwanza. Faili nikaliita "fimbo". Ijumaa asubuhi nikamrudishia hedifoni, akasikia mapigo yetu wenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Akaimba.

Aliimba peke yake, lakini kila mwisho wa mstari alinyamaza kwa muda ule ule wa kujibiwa, akipumua, akisubiri watu ambao hawakuwepo, kisha akaendelea kana kwamba wamemjibu vizuri. Nilikuwa nimeshika maikrofoni na machozi yananitoka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mkono ungepiga kelele. Wimbo ulipoisha, kijimstari kikarudi kupepesa. Faili lile nililiita "mama".

Ningeliita nini kingine? Kwetu mtoto halitii mdomoni jina la mzazi wake. Nimejua kusoma na kuandika miaka yote hii na sikuwahi kuliandika jina la mama mkubwa hata kwenye bahasha. Nilimwandikia kaka yangu, yeye akampelekea. Vidole vyangu viliandika "mama" bila kuniuliza.

Jumamosi akaja mwitikiaji wake. Huyu ni jirani, rika lake, aliyemjibu kwenye ngozi tangu wote wawili wakiwa wasichana. Wengine humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi niliyebebwa mgongoni kwake nikimwita hivyo nitaonekana nimekuwa mgeni, kwa hiyo naye ni mama tu.

"Mbukwenyi!" akanisalimu kwa Kigogo toka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nikalie wapi?"

Nilitaka kwanza kupima kama sauti yake inaingia vizuri. Nikamchezea fimbo peke yake, nikamwambia aseme chochote, nikaandika amri, nikaandika jina la faili, nikabonyeza enta. Mashine haikuuliza kitu. Ikanyamaza kwa ule ukimya wake ninaoupenda.

Baada ya hapo nikataka kumwekea sauti ya mama mkubwa ili amjibu. Nikacheza faili. Badala ya wimbo nikasikia kikohozi, halafu: "Nianze? Mbona hunijibu? Haya, moja, mbili..."

Nikacheza tena. Kikohozi kile kile. Nikayapitia majina ya mafaili moja moja. Lilikuwepo "fimbo", na lilikuwepo "mama". Mama mmoja tu. Wa pili alikuwa amekaa juu ya wa kwanza, na nakala sikuwa nayo. Mimi ninayewafundisha watoto kuandika majina yao juu ya madaftari yasichanganyike!

Nilijua maji yakimwagika hayazoleki, lakini niliandika kila amri niliyoijua, na nyingine nilizozibuni. Mara hii mashine ilisema, tena ilisema sana. Nilijichukia. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala, nikafikiria kwenda kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa, asafiri kwa amani. Uongo huo ungenitosha kwa siku mbili tatu. Lakini mficha uchi hazai, na muda wa kuzaa ulikuwa umebaki mchana mmoja.

Nilimkuta anafunga nguo za safari kwenye kitenge.

"Mama, nimekufuta."

"Umenifuta wapi?"

Nikamweleza. Kwamba yeye nilimwita mama, na mwenzake nikamwita mama, na mashine ikadhani ni mtu mmoja, ikamtoa wa zamani ikamweka mpya. Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, mkono shingoni, kwa sababu kucheka kulimuuma.

"Kwa hiyo adabu ndiyo iliyoniua," alisema. Akakaa kitandani. "Wewe mtoto, huna kalamu? Jina langu hulijui?"

"Nalijua."

"Basi liandike."

"Mama, siwezi."

"Nimekuambia mimi. Liandike. Na la mwenzangu liandike. Halafu nakuja."

Nikarudi ghalani, nikakaa mbele ya ukurasa mweusi. Yule jirani alikuwa ananitazama. Herufi ya kwanza ilinichukua muda kuliko maelezo yote ya Kiingereza. Nilihisi kama naingia chumbani kwake bila kubisha. Nikaliandika hadi mwisho, kwa herufi kubwa mwanzoni, kama ninavyowafundisha watoto.

Alikataa hedifoni. Alisema jana aliimba na hewa, leo anaimba na mtu. Sikubishana. Sheria zote nilizojifunza za kutenganisha sauti, kila moja na njia yake, nikaziweka pembeni. Nikaweka maikrofoni katikati yao, wakakaa magoti yakigusana, mimi nikachukua fimbo.

Sauti haikuwa ile ya Ijumaa. Ilikuwa imechoka. Mstari wa nne ikakatika kabisa, pakabaki pumzi. Na mwenzake, ambaye maisha yake yote alikuwa anajibu tu, akauokota mstari pale pale ulipoanguka, akaumaliza, kisha akajijibu mwenyewe ili mama mkubwa apate kupumua. Mama mkubwa akarudi mstari wa tano. Hawakutazamana. Tulipofika mwisho nilinakili faili mara tatu kabla hata ya kusema asante.

Operesheni ilikwenda vizuri. Anakula, anatembea, anagombana na wajukuu. Sauti haikurudi. Amebaki na mnong'ono mzito, kama mtu anayesema na wewe kanisani. Sasa kwenye ngozi anayeanzisha ni yule mwenzake, na mama mkubwa anakaa naye karibu akipiga fimbo.

Mimi nimeendelea. Nimerekodi kwaya mbili za Itigi, na vijana wanaonijia na kompyuta zao nzuri nawafundisha amri kwa ukali ule ule wa darasa la pili. Somo la kwanza ni jina: kila sauti na jina lake kamili, awe mzazi wako au nani.

Akija kunitembelea Manyoni, mama mkubwa huvuta kiti hadi mbele ya kile kioo chenye ufa. Haulizi habari za kazi.

"Haya," ananong'ona, "niite."

Mdomo wangu mpaka leo haujalitamka jina lile. Vidole ndivyo vilivyopewa ruhusa. Ninaliandika, herufi kwa herufi, nabonyeza enta. Mashine inanyamaza kidogo, halafu yeye anaitika kutoka ndani yake, kwa sauti yake yote.