Kasri la Maboksi

Mtasema naongopa, na semeni tu: hapa Kumasi kuna fundi anayejenga majumba kwa maboksi ya nyanya za kopo. Akikata, ulimi nje. Akibandika, anapuliza gundi kama anapoza uji. Juzi alipeleka kasri lake dogo kwa wazee wa chifu. Wakiliridhia, msanifu wao wa majengo angempa kazi ya kudumu ya kutengeneza mifano ya majumba. Mzee mmoja akachungulia, asione mahali pa Mama Malkia, mkuu wa wanawake anayekaa kando ya chifu. "Na Mama Malkia atakaa wapi, bwana? Mapajani mwako?" Fundi akachomoa wembe, akakata ukuta, akampa Mama Malkia baraza pana kuliko la chifu. Wazee wakaangua kicheko, kazi akaipata. Lakini nani alimnong'oneza wazo hilo? Mimi! Wazee mia mbili wakasimama, wakanivisha...

"Mjomba," fundi akanikatiza, "walikuwa watatu, na wewe ulikuwa nje unamalizia bakuli la fufu."