Lango la Mitungi Katika Maji ya Kilifi

Mamangu hakunipeleka kuogelea kwa kupenda michezo. Alinipeleka kwa hofu. Yeye ni mzaliwa wa visiwa vya kaskazini, upande wa Lamu, na alipokuwa msichana mashua waliyopanda ilipinduka karibu na gati, karibu kiasi cha watu wa nchi kavu kuziona nyuso za waliokuwa wakizama. Baharia mmoja alimshika mama nywele akamvuta. Shangazi yake, aliyekuwa amekaa ubavuni pake, alikwenda chini na buibui lake. Mama hakupenda kuyasimulia hayo. Lakini tulikaa Shella, hapa Malindi, na kila tulipopita ufukweni alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi.

Basi mwalimu mmoja wa kike alipopita mtaani kwetu akitafuta wasichana wa kuwafundisha kuogelea na kucheza polo ya majini, majirani walimsikiliza kwa adabu kisha wakamwambia watafikiri. Mama alimkaribisha ndani akamtilia chai.

"Utamfundisha asizame?" akauliza.

"Nitamfundisha kuogelea, mama. Kisha nitamfundisha mchezo."

"Mchezo ni shauri lenu. Mimi nataka asizame."

Mwalimu yule alikuwa Mgiriama wa bara ya Kilifi, mtoto wa wakulima wa mahindi na mikorosho. Hakuwa amegusa maji ya bahari mpaka alipokuwa msichana mkubwa. Polo aliijua chuo kikuu, na aliporudi pwani akakuta kwamba maji yote ni ya wavulana. Wao waliruka kutoka gatini, wakapiga mbizi, wakacheka. Wasichana walisimama mchangani wakishika viatu vya kaka zao. Jambo hilo lilimkera. Hakulitolea hotuba. Aliomba hoteli moja imruhusu kutumia bwawa lake asubuhi na mapema kabla wageni hawajaamka, akaanza na wasichana wachache aliowapata.

Tulikwenda baada ya sala ya alfajiri. Tuliotaka kujistiri tulivaa nguo za kuogelea zenye mikono mirefu na suruali, na kitambaa cha kubana kichwani. Nilijua kuelea, nikajua kuogelea, lakini sikujua kutulia. Mchezo wenyewe ni wa watu saba kila upande, mmoja akiwa mlinda lango, na hakuna anayeruhusiwa kukanyaga sakafu. Unakaa juu ya maji kwa kuizungusha miguu chini, mmoja huku na mwingine kule, kama mtu apigaye mayai, huku mikono ikishughulika na mpira na mwenzako akikuvuta nguo. Mimi nilikuwa mzito wa kuogelea, na kila mpira uliporushwa nilishtuka kabla haujatoka mkononi mwa mrushaji.

Mwalimu aliniangalia siku kadhaa, kisha akanipa kofia nyekundu, ile ya mlinda lango.

"Mbona mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu waogopa. Mwenye hofu huuona mpira mapema."

Sikujua kama ni sifa au ni aibu. Niliivaa kofia, na tangu siku hiyo hofu yangu ikapata kazi, ila haikupungua.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa Mombasa, na timu ya wasichana waliokuwa wakiogelea tangu utoto. Kabla ya kuingia majini mwamuzi alitukagua kucha, kama ilivyo desturi, ili tusikwaruzane. Alipofika kwangu aliushika mkono wangu akautazama sana. Nilikuwa na hina ya harusi ya binamu yangu. Nilidhani atanitoa. Akaniambia tu, "Imetoka vizuri," akapita.

Hilo ndilo neno zuri pekee tulilolisikia siku ile. Bwawa lao lilikuwa na kina kila upande. Sisi, bila ya kujijua, tulizoea kupumzika kwa ncha za vidole kwenye sakafu ya hoteli, na hapo sakafu haikuwapo. Tulimeza maji. Mwenzetu mmoja alishikwa na mkakamao wa mguu akatolewa. Mabao yaliingia pande zangu zote mbili na juu ya kichwa, na mwisho nikawa nafumba macho kila mkono ulipoinuka.

Nje, tukiwa tumekaa na taulo mabegani bila mtu kumtazama mwenziwe, alisema msichana mmoja wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mkono wa bahari wa Kilifi. Babake alikuwa mvuvi, naye mwenyewe alikaa kwa ndugu zake Malindi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na baadaye ndiye aliyekuwa nahodha wetu.

"Hawa hawatuzidi kitu," alisema. "Tatizo letu ni sakafu. Tutafute maji yasiyo na sakafu."

"Maji hayo yako wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwetu."

Hivyo kila Jumamosi tukawa tunakwenda Kilifi. Babake nahodha alitutengenezea malango mawili kwa mabomba ya plastiki, akayafunga mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia ili yaelee, akatuwekea nyavu kuukuu na nanga. Watu walisimama kututazama wakidhani tunatega samaki. Wengine walituuliza kama waume tutawapata kwa njia hiyo.

Mwilini tulipata nguvu. Mimi moyoni nilipata taabu mpya. Katika bwawa la hoteli niliona vigae vya chini. Katika maji ya Kilifi niliona kijani, kisha kijani kilichokolea, kisha sikuona kitu. Nikawa na tabia ya kuvihesabu vichwa vya wenzangu. Mpira ukiwa mbali, nahesabu. Ukikaribia, nauwahi, kisha narudi kuhesabu. Mwalimu aliligundua hilo na hakunikataza.

Siku ya mkasa ilikuwa ya bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Babake nahodha ndiye aliyetuambia kila mara saa nzuri ya kuingia, wakati maji yamesimama. Lakini gari letu kutoka Malindi liliharibika njiani, tukafika tumechelewa, na yeye alikuwa ameshaondoka kwa shughuli zake. Mwalimu alitazama maji, akayaona yametulia.

"Tucheze kidogo tu," alisema.

Tulicheza. Mtu akarusha mpira ukapita juu ya lango langu. Ulipoanguka haukukaa. Ulianza kwenda peke yake, polepole, halafu kwa kasi, kuelekea darajani na baharini. Nahodha akaufuata. Nilimwona akipiga mikono yake mirefu, nikaona umbali kati yangu naye ukizidi upesi kuliko kasi yake ya kuogelea, nikafahamu kwamba si yeye anayekwenda, ni maji yanayompeleka. Nilipiga kelele arudi. Aligeuka. Niliuona uso wake mara moja, ukifahamu lile nililolifahamu. Kisha kona ya miamba ikamficha.

Mwalimu alitutoa sote majini, akachukua mtumbwi wa watu bila ya kuomba, akaenda. Tulikaa ufukoni. Hakuna aliyelia. Nilivihesabu vichwa tena na tena, na kila mara hesabu ilipungua mmoja, nami nikaanza upya kana kwamba nimekosea mimi. Mwalimu alirudi peke yake. Alituuliza kwa sauti ndogo, "Hajaja?"

Jua lilizidi kuwa kali. Na tulipokuwa tumeshaacha kutazama majini na kila mmoja akitazama mchanga wa mbele yake, tulimwona akitoka mikokoni ng'ambo ya Mnarani, akitembea, miguu imekatwakatwa na chaza, mpira kwapani. Mwenye mtumbwi alimvusha.

"Sikushindana nayo," alituambia. "Niliyaacha yanichukue, nikawa nakata ubavuni kidogokidogo. Baba alinifunza."

Mwalimu aliketi mchangani na nguo zake zote mbichi.

Habari kama hiyo hailali njiani. Kabla ya juma kwisha wazazi waliitana, wa Malindi na wa Kilifi, wakakutana katika banda la wafanyakazi wa hoteli. Mwalimu alisimama mbele yao akasema kosa ni lake: alichelewa, na ilimpasa kuahirisha. Baba mmoja alisema imetosha. Mwingine alisema mtoto wa kike ana michezo mingi ya nchi kavu. Mama alikuwa amekaa nyuma, akizungusha tasbihi. Niliijua hadithi ya mashua, nikajua akiinuka yeye mambo yamekwisha.

Akainuka.

"Mimi nilimwona mwanamke akizama," alisema. "Hakuwa akicheza. Alikuwa amekaa, ametulia, amejistiri, anakwenda harusini. Hakujua kuogelea, ndiyo sababu. Huyu binti amechukuliwa na bamvua na amerudi kwa miguu yake. Wangu simtoi." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Ila na mimi nina swali. Sisi akina mama mtatufunza lini?"

Mama wa nahodha ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata, lakini Mwalimu hakucheka. Alimjibu, "Jumatatu, mama." Wazazi walikubaliana tuendelee kwa masharti: maboya ya kuokolea yawepo, mtumbwi uwepo na mtu ndani yake, na bila ya idhini ya babake nahodha hatii mtu mguu majini.

Jumatatu walikuja akina mama kadhaa. Mama alisimama kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, maji yakimfika kwenye vifundo, akasimama hapo mpaka somo likaisha. Siku ya pili vivyo hivyo. Kwao maji huitwa mai, na alikuwa akinong'ona, "Mai haya, mai haya," kama anayemsema mtu. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kujiogopea. Siku alipokubali kulala chali, mimi ndiye niliyemshika kisogo.

"Usiniachie."

"Sijakuachia, mama."

"Nikikwambia uniachie, uniachie polepole."

Nilingoja. Macho yake yalikuwa yamefumba, kope zikicheza. Nilihisi uzito wa kichwa chake, nikafikiri jinsi kilivyo chepesi mno kubeba mambo yote yale. Kisha akasema, "Haya." Nikauvuta mkono, akaelea.

Baada ya hapo tulianza kushinda. Sijui kuueleza ushindi vizuri, kwa sababu niliupitia nikiwa na kichefuchefu. Tuliwashinda Mombasa, kwa shida mara ya kwanza, kisha bila shida. Timu za bara zilituita wasichana wa mitungi, zikidhani zitatukera. Kabla ya kila mchezo nilikwenda chooni kutapika, na nahodha alisimama mlangoni akishika kofia yangu, haniharakishi.

Fainali ya ubingwa wa nchi, tuliyoitamani, ilikuwa Nairobi. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Tulipoingia meno yaligongana na wapinzani wakatabasamu. Mama alikuwa amekuja, amejifunga shali mbili. Tulipata bao la kwanza, wakasawazisha, tukapata, wakasawazisha. Katika robo ya mwisho nahodha alirusha kwa mkono ule wa kushoto kutoka pembeni, likawa bao la kutuweka mbele. Kisha, muda ukiwa karibu kwisha, mwenzetu alimzamisha mpinzani mbele ya lango na mwamuzi akatoa penalti.

Mrushaji wao alikuwa msichana mrefu, mtulivu. Alikuja mbele yangu akiwa na mpira mkononi na maji yakimchuruzika kidevuni. Miguu yangu ilikuwa imechoka mno. Sikuwa na mawazo yoyote ya ushujaa. Nilitaka mtu anitoe. Filimbi ilipolia bega lake lilitangulia kidogo, na mimi, kama kawaida yangu, nilishtuka mapema. Mpira ulinigonga chini ya kiwiko, ukapanda, ukagonga mwamba wa juu, ukaanguka majini mbele yangu. Nahodha aliufikia kwanza. Hakuurusha popote. Aliukumbatia mpaka filimbi ya mwisho.

Nilipotoka majini niliangalia kiti cha mama nikakiona kitupu. Nilimtafuta nikiwa na taulo, miguu mitupu, nikamkuta kwenye ujia karibu na vyoo, ameugeukia ukuta, anasoma dua.

"Umetoka?" aliniuliza, akinishika mashavu.

"Tumeshinda, mama."

"Mkono huu una nini?"

Ulikuwa umeanza kuvimba. Aliupuliza, kama alivyokuwa akinipuliza nilipokuwa mtoto, na ndipo nikalia, pale ujiani, huku wenzangu wakiimba ndani.

Tumechukua ubingwa mara nyingine tangu wakati huo, na mara nyingine tumenyang'anywa. Wasichana wetu wawili wanasoma ng'ambo kwa sababu ya mchezo huu. Nahodha sasa ndiye mkufunzi, kwa kuwa Mwalimu amehamia kazi nyingine na huja siku za mashindano tu, akae pembeni. Mchezaji akifanya vizuri, Mwalimu husikika akisema, "Vidzo," neno la Kigiriama la kusema vyema, basi. Hoteli imebadilisha wenyewe, na kila msimu tunangoja kuambiwa kama tutaruhusiwa kuingia bwawani. Mpaka sasa tumeruhusiwa. Mimi huwafunza walinda lango.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Kilifi. Msichana mpya, mdogo wa mwili, alikuwa amekaa langoni kwa mara ya kwanza katika maji ya kina. Nilikuwa mtumbwini, kasia mapajani. Aliniuliza hofu huisha lini, na nikamwambia kweli, kwamba yangu haijaisha. Alifikiri kidogo huku miguu yake ikizunguka chini ya maji.

"Basi sogea karibu," akasema.

Nikasogeza mtumbwi.