Miaka Tisa ya Farasi wa Mjomba

Farasi wa Mjomba alikuwa na umri wa miaka tisa, na umri huo alikuwa nao kwa mwaka wa tano mfululizo. Kila mteja aliambiwa hivyohivyo, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

Mnunuzi wa safari hii alikuwa mwalimu mstaafu. Daktari alimshauri afanye mazoezi, naye kwa busara zake akaona heri mazoezi yafanywe na mnyama. Alikuja na kitabu cha farasi kwapani. Mjomba akataja laki tisa bila kupepesa macho. Mwalimu akafungua kitabu, akataja laki mbili. Baada ya saa nzima ya kutukanana kwa adabu, wakakubaliana jambo moja tu: aitwe fundi wa kwato aamue.

Fundi wa kwato ni mpwa wa Mjomba, mwanamke wa makamo mwenye viganja kama msasa. Mjomba alifurahi mno. Haki ikiwa ya ukoo, nani ataiogopa?

Mpwa akaja na aproni yake ya ngozi. Akatazama meno ya farasi, kisha akamtazama Mjomba. Akainua kwato moja moja, akazigonga. Mjomba alikuwa amemsimamisha farasi kwenye mchanga laini, kwa huruma tu bila shaka. Mpwa akamtoa, akamkimbiza polepole kwenye sakafu ya saruji. Mguu wa mbele wa kushoto ukaanza kusema ukweli.

"Laki nne na nusu," akasema. "Ana miaka kumi na minne, na anachechemea kidogo. Lakini mpole, na pumzi anayo."

"Mwanangu," Mjomba akanong'ona, "damu nzito kuliko maji."

"Najua, Mjomba. Si wewe uliyenifundisha kusoma umri wa farasi kwenye meno?"

Mjomba ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha.

Mwalimu naye akang'aka: "Kitabu kinasema laki mbili!"

"Basi kapande kitabu, Mwalimu," mpwa akamjibu.

Pesa zikatolewa, hatamu ikakabidhiwa, wakaagana kwa nyuso za wafiwa. Kabla ya jioni mtaa mzima ulishasikia kwamba Mjomba kaibiwa na Mwalimu, na Mwalimu kaibiwa na Mjomba.

Wiki tatu Mjomba alimpita mpwa wake njiani kama anapita nguzo ya umeme. Hilo lilimuuma mpwa kuliko mateke yote ya kazini. Mwishowe akaenda nyumbani kwa Mjomba. Mjomba akajifungia chumbani. Mkewe akamkaribisha mgeni.

"Mwache anune," mama yule akasema. "Kila Jumapili yuko kwa Mwalimu anamwangalia farasi. Eti anapita tu."

"Nilikuwa napita tu!" sauti ikatoka chumbani. Kisha: "Yule Mwalimu anamlisha kama mgonjwa!"

Mpwa akavuta kiti karibu na mlango. "Anampa nini, Mjomba?"