Chuma cha Makadamia

Mimi ni mtu wa kununa. Nalisema mapema, maana mambo haya yote yana mkono wa huo ununaji wangu, na sitaki mtu aje kuniambia nilificha. Kwetu Ronge, kule milimani, wananijua. Nilipokuwa msichana mdogo, dada yangu akipewa kipande kikubwa cha muhogo kuliko changu, nilikuwa radhi kulala njaa ili kila mtu aone nimekasirika.

Siku hizi nakaa Voi, na kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye viwanja vya vita vya zamani. Nasema ile Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza na Mjerumani walipokuja kupigania huku kwetu kana kwamba kwao hakuna nafasi. Wageni wanakuja na vibali vyao, mimi nabeba mashine ya kutafuta vyuma. Ina mkono mrefu na sahani huko chini, na ikipita juu ya chuma inalia. Tunatembea kwenye nyasi kavu kuanzia Maktau hadi Mbuyuni, jua la utosi, na kila inapolia tunapiga magoti na kufukua. Mara nyingi ni kopo la nyama. Wale askari walikula nyama ya kopo, jamani! Siku ya bahati ni kifungo cha koti, ganda la risasi au kiatu cha farasi.

Kabla hatujaanza, huwa nawapanga wageni na kuwasomea sheria. Ukiona chuma kina mshipi wa shaba kiunoni, acha. Usikiguse, usikiinamie kupiga picha. Hilo ni kombora. Na mshipi ukiwa na mikwaruzo, basi lilirushwa, likaanguka, likakataa kulipuka, na mpaka leo halijabadilisha nia. Nina sauti yangu ya kusema maneno hayo. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Basi mvua za vuli zikanyesha, kazi ikasimama, nikapanda Ronge kumwona mama, mashine begani kwa sababu siwezi kuiacha kwenye chumba cha kukodi. Mama kuiona, akacheka mpaka kanga ikamteleza.

"Sasa hii ndiyo kazi uliyosomea?"

Nikamwambia inatafuta chuma chochote, hata sindano. Akasema haya, nimtafutie kisu chake cha mboga, kimepotea tangu wiki iliyopita. Nikaiwasha, nikazunguka kando ya jiko. Penye rundo la maganda ya makadamia, karibu na mlango, ikalia. Lakini kisu hulia kidogo na kunyamaza. Huu ulikuwa mlio mnene, wa kuendelea.

"Hapo si kisu," mama akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Hicho ni chuma changu cha makadamia."

Nilikijua. Nani kwetu hakijui? Nilizaliwa nikakikuta. Unene wake kama kifundo cha mkono, urefu wa kiganja, upande mmoja bapa, upande mmoja umechongoka. Unaweka kokwa kwenye kishimo cha jiwe, unashika chuma pale kilipochongoka, unapiga kwa ule upande bapa. Na makadamia si karanga. Ganda lake linataka mtu mwenye hasira, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Utoto wangu wote niligonga. Siku moja dada alikataa kunipa zamu, nikamnyang'anya nikakirusha ukutani kwa nguvu zangu zote.

Nikakiokota nikicheka. Kilikuwa cheusi kwa masizi na mafuta ya miaka. Sijui kwa nini nilikipangusa kwa kidole gumba. Chini ya masizi, pale kiunoni, kukatokea mstari mwekundu. Shaba. Mshipi mzima, pamoja na mikwaruzo yake.

Wueh! Kukiweka chini siwezi, kuendelea kukishika siwezi. Mama anauliza, "Umepata nini, mbona umekuwa hivyo?" na sauti haitoki. Ile sauti yangu ya kuwapanga wageni ilienda wapi, sijui. Sheria niliijua: kiache palepale. Lakini palepale ni mlangoni mwa mama yangu. Nikatembea nacho hatua moja moja mpaka mwisho wa shamba, nikakilaza kati ya migomba, nikarudi kinyumenyume. Kinyozi hajinyoi. Watu wangapi niliowafokea kule Maktau, na kwetu makadamia yanapasuliwa kwa bomu!

Nilipiga simu polisi, wakasema wataalamu wa mabomu watakuja baada ya siku mbili, tukae mbali. Nikamhamishia mama kwa jirani. Alinikasirikia sana. "Nimegonga nacho miaka arobaini," akasema. "Kama ni cha kulipuka, kilikuwa kinangoja nini?"

Nikamuuliza jambo moja tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, penye kombora moja huwa pana jingine. "Mama, kuna kingine?"

"Hakuna," akajibu haraka, macho kwenye moto. Nikaridhika. Nani humshuku mama yake?

Wataalamu walifika asubuhi, wawili. Walichimba shimo pale kwenye migomba ili wakilipulie humo, wakalizungushia magunia ya mchanga, wakatusogeza hadi barabarani. Mama alibeba kiti chake cha plastiki, akakaa kama mtu aliyekuja harambee. Alikuwa bado ananong'ona na jirani kuhusu watoto waliosoma sana wakachanganyikiwa.

Halafu kikalipuka.

Nimeambiwa nilipiga kelele, sikumbuki. Nakumbuka udongo ukitunyeshea, na vioo vya madirisha ya mama vikimwagika hadi cha mwisho. Migomba mitatu iliyokuwapo haikuwapo tena. Mmoja wa wataalamu akapanda kuja kwetu akijipangusa uso. "Lilikuwa hai, mama," akasema. "Hai kabisa."

Niligeuka na "si nilikuambia" yangu tayari mdomoni. Mama hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amekaa chini, kwenye udongo.

"Vilikuwa viwili," akasema.

"Nini?"

"Baba yako alivileta viwili, alipokuwa akichunga ng'ombe kule Maktau. Kimoja nilimpa dada yako alipoolewa. Nilikifunga ndani ya leso, nikamwambia asikuonyeshe."

"Mama! Si nilikuuliza? Nilikuuliza kwa kinywa changu!"

"Ungenuna," akasema. "Ungenuna harusi nzima. Halafu miaka ikapita, nikaona haya kusema. Na mimi nilijua ni chuma tu."

Mungu wangu. Dada yangu ameolewa Mahoo, huko Taveta, na anafundisha chekechea. Saa ya simu ilionyesha inakaribia saa nne asubuhi. Nikapiga, hakushika. Nikapiga tena, hakushika. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga namba zisizo zake. Mama alikuwa amenishika sketi kama mtoto. Mara ya nne dada akashika, akinong'ona.

"Niko darasani. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Kile chuma cha makadamia alichokupa ukiolewa, kiko wapi?"

"Nani amekuambia?" Sauti ya mtu aliyefumaniwa. Hata yeye! Mtu mzima, ana watoto wake, bado anaogopa nitanuna.

"Dada, kiko wapi?"

"Kiko hapa shuleni. Mahoo kuna ndizi, makadamia nitayatoa wapi? Nilikileta tupigie kengele. Si kuna ringi ya gurudumu la lori imening'inizwa kwenye mti, sasa—"

Nikaisikia. Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo. Ngo. Ngo. Ngo.

"Nani anapiga hiyo?"

"Mtoto wa zamu. Ni wakati wa uji. Wewe una nini leo?"

"Dada, ni bomu. Kile cha mama kimelipuka sasa hivi, mimi nikiona."

Hakuniuliza mara ya pili. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Nilisikia kiti kikianguka, nikasikia viatu vyake, kisha nikasikia sauti yake ya ualimu, tamu, haina haraka hata chembe. "Kipenzi, basi, usipige tena. Umepiga vizuri sana. Sasa kiweke chini polepole, kama yai. Hivyo hivyo. Njoo kwa mwalimu." Halafu, "Watoto wote, tunakwenda kuimba kule kanisani. Nani atafika wa kwanza?" Nikasikia miguu midogo mingi ikikimbia, na vicheko.

Ilichukua muda kabla hajarudi kwenye simu, na aliporudi alikuwa analia. "Kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu nampa mtoto mmoja. Wanagombania zamu."

Wale wataalamu walikuwa bado barabarani wakikunja kamba zao. Niliwaambia, wakaondoka kwenda Mahoo bila kungoja chai. Jioni dada alipiga kusema wamelichukua, na kwamba lile nalo lilikuwa hai.

Lakini hapo barabarani, simu ilipokatika, nilikaa chini karibu na mama. Alikuwa amejikunyata, ananitazama kwa pembe ya jicho, vile alivyonitazama tangu nikiwa mtoto, akingoja nianze. Siku mbili nilimwambia ni bomu, na siku mbili aliogopa kununa kwangu kuliko bomu. Niliona aibu, niliona uchungu, sikujua niuweke wapi mkono wangu. Nikauweka juu ya wake.

"Mama," nikasema, "ungeniambia tu."

"Nikuambie wewe?" akasema.