Nilisubiri Nikonde Ndipo Niseme

Ndugu msomaji, jina langu sitalitaja. Nimekosa, na kosa langu nilimfanyia mtu ambaye hakuwahi kunifanyia baya hata siku moja. Lakini usitegemee nianze kwa kulia. Nitaanza na hasira, maana hasira ndiyo iliyonifikisha hapa, na bado ninayo tele.

Nilikuwa nimeolewa Ngulyati, kijiji cha Bariadi, na karani wa mizani. Nitamwita Baba Limi, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Zamani alikuwa akipima pamba ya chama cha ushirika. Soko lilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, chama kikafa, naye akachukuliwa na tajiri mmoja wa kutoka mjini. Wakulima walimfuata kwa mazoea tu. "Twende kwa Baba Limi, yule ni wa kwetu," walisema. Wa kwetu!

Baada ya kumzaa mtoto wa pili, mwili wangu ulianza kuumuka. Nilikula kidogo kuliko wote pale nyumbani, lakini nguo zilinikataa moja moja. Nilisikia baridi mchana wa jua kali nikajifunika blanketi. Usingizi ndiyo usiseme! Sauti ikawa nzito, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mwanzoni watu walinisifu, maana kwetu mwanamke akinenepa, sifa anapewa mumewe. Baadaye sifa zikageuka. Nikaambiwa ni mvivu, nakula jikoni kwa kujificha.

Siku moja msimu umepamba moto, nilimpelekea Baba Limi chakula kwenye ghala la kununulia pamba. Watu walikuwa wamejaa na mizigo yao. Alikuwa na mizani ya chuma ya kupandia, ile inayokaa chini. Akanishika mkono, nikadhani ananipokea sufuria. Kumbe ananipandisha!

"Jamani, ngoja tupime na hili robota!" akapaza sauti. "Sijui ni gredi ya kwanza au ni fifi?"

Robota ni ule mzigo mkubwa wa pamba iliyoshindiliwa kiwandani. Fifi ni pamba chafu isiyo na bei. Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Nilishuka nikaiacha sufuria palepale, nikarudi nyumbani natembea kama mgonjwa. Tangu siku ile hata watoto wa shule waliniita Robota.

Nikaapa. Mwanaume huyu nitamwaibisha palepale, juu ya mizani ileile, mbele ya watu walewale!

Miezi kadhaa baadaye nilimpeleka mtoto hospitali ya Somanda, mjini Bariadi. Daktari, mama mmoja wa makamo, alimwangalia mtoto kidogo tu, kisha akaniangalia mimi. Akanishika shingo, akaniuliza habari za baridi, za usingizi, za siku zangu. Damu yangu ikapelekwa Mwanza. Majibu yaliporudi akaniambia tezi iliyo shingoni mwangu imelegea, haifanyi kazi yake, ndiyo maana mwili mzima umepooza na kujaa.

Nililia kwa furaha. Kumbe siyo uvivu! Kumbe siyo ulafi!

Akanipa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya chai. "Mama Limi, nisikilize," akasema. "Hii ni dawa ya kusaidia tezi. Siyo dawa ya kukondesha. Mwili utapungua polepole, na huenda usipungue wote. Usiongeze hata kimoja bila mimi kujua."

Nikaitikia ndiyo, daktari. Moyoni nilikuwa najiona tayari nimekonda, nimesimama juu ya mizani.

Nilikuwa na funguo za ghala, kwa sababu mimi ndiye niliyelifagia msimu ukiisha. Nikawa naingia peke yangu najipima. Siku moja mizani ilisema sabini na saba. Nilicheza! Kesho yake nikaenda kliniki, nesi akanipima. Themanini na nane.

"Mizani yenu mbovu," nikamwambia.

"Hii inapima wajawazito kila siku, mama," akajibu. "Labda ya kwenu."

Nilirudi nikafungua ghala. Ghalani kulikuwa na mifuko ya saruji, maana Baba Limi alikuwa anajenga nyumba ya bati, na watu walishangaa karani anapata wapi saruji. Nikaukokota mfuko mmoja nikaupandisha kwenye mizani. Mfuko umeandikwa kilo hamsini. Mizani ikasema arobaini na nne.

Nilikaa chini. Kila mzigo uliopita pale ulikuwa umekatwa! Watu waliovunjika migongo kupalilia walikuwa wanaibiwa na mtu wanayemwita wa kwetu, na mimi nalala naye kitanda kimoja.

Hapa sasa ndipo kosa langu lilipo, msomaji. Ningefanya jambo moja tu. Ningeutoa ule mfuko siku ya soko, nikauweka kwenye mizani mbele ya watu, habari ikaishia hapo. Sikufanya. Niliona nikisema hivi nilivyo, watasema Robota ana wivu, Robota kachoka kuchekwa. Nilitaka niingie pale nimekonda, nimependeza, nisimame juu ya chuma kile, nitaje uzito wangu wa hospitali, na mizani ijitaje yenyewe. Nilitaka aibu yake iwe tamu. Nikanyamaza.

Msimu mpya ulifunguliwa nikiwa bado mnene. Daktari alisema polepole, na mimi polepole sikuitaka. Nikaanza kumeza vidonge viwili. Halafu vitatu. Vilipokaribia kwisha nikaenda kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yanafunguliwa mjini siku zile. Hakuna aliyeniuliza cheti. Muuza duka aliniagizia kutoka Mwanza, akanifungia kwenye karatasi, akaniambia karibu tena.

Nikaanza kukonda kweli! Moyo ulikuwa unadunda hata nimelala. Mikono ilitetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Jasho, hasira, kuharisha. Nilijiambia ni mafuta yanatoka. Wanawake kisimani walianza kuniuliza dawa yangu, na mimi najidai.

Katikati ya msimu ule baba yangu mzazi alikuja. Alikuwa mzee wa peke yake, mama alikuwa ameshafariki, analima mwenyewe na ng'ombe wake wawili. Alileta pamba yote kwa mkokoteni, akawapita wanunuzi wengine wawili njiani, kwa sababu kwa Baba Limi ni kwa mkwe wake.

Nilimwona anakuja. Nilikuwa uani nachambua mchele. Alipita, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, ng'wanone," yaani umeamkaje, mwanangu. Nikaitikia. Na nikamwacha aende ghalani! Nilijiambia bado kidogo tu, tajiri atakuja siku ya kufunga msimu, watu wote watakuwepo, na baba atalipwa haki yake siku hiyohiyo.

Alirudi akakaa kwenye kigoda, hajagusa ugali.

"Pamba yangu mwaka huu imekuwa nyepesi," akasema. "Nilidhani itafika mbali zaidi. Nadhani sikupalilia vizuri, ng'wanone. Nimezeeka. Shamba limenishinda."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilimwona anavyojiangalia viganja vyake, vimepasuka, vina michubuko ya vikonyo vya pamba. Nikamwambia, "Labda mvua, baba."

Labda mvua! Laiti ulimi wangu ungekatika.

Siku ya kufunga msimu ikafika. Asubuhi nilipitia hospitali nipimwe. Sabini na moja. Nesi alinishika mkono, akasikiliza mapigo, akabadilika uso. "Usiondoke, nakuitia daktari." Nikamwambia narudi sasa hivi. Nikapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu Ngulyati, nimevaa kitenge kipya.

Tajiri alikuwa amekuja na kreti za soda na bia. Watu wamejaa. Nikapita katikati yao, wakanipisha, nikapanda kwenye mizani mwenyewe.

"Nipime," nikasema.

Baba Limi alinitazama, akatabasamu. Akasogeza jiwe la mizani. "Sitini na mbili!" akapiga kelele. "Robota limekwisha! Mmeona mke wangu nilivyomtibu?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikafungua mdomo niseme sabini na moja. Ndiyo maneno tu niliyobakiza, sabini na moja! Moyo ukapiga mara moja kwa nguvu, ukapotea, ukaanza kukimbia hovyo. Nikaona miguu ya watu. Nilianguka palepale juu ya mizani.

Nilizindukia hospitali, na kutoka hapo nikapelekwa Mwanza. Daktari alisema nimeuchosha moyo kwa vidonge, na tangu hapo haujarudi kupiga sawasawa. Nilipopata nguvu nikasema habari ya mizani. Nani angenisikia? Baba Limi alisema dawa zimenipanda kichwani. Mizani alishairekebisha wiki ileile, na mifuko ya saruji ilishaingia ukutani. Watu walimpa pole kwa kumuuguza mke kichaa.

Na unajua nani alilipa gari la kunipeleka Mwanza? Baba yangu. Kwa kile kidogo alichopata kwenye mizani ile. Nilipomkimbia mume wangu, Baba Limi alidai ng'ombe wa mahari, baba akawarudisha bila kunung'unika. Aliishi misimu michache tu baada ya hapo. Kila mavuno alirudia maneno yale kwamba shamba limemshinda, kisha akaacha kabisa kulima pamba. Sikumwambia. Niliona haya kumwambia kwamba nilijua tangu asubuhi ile nilipomwitikia salamu.

Lakini Baba Limi sikumwachia!

Leo nameza kidonge kimoja, kama daktari alivyosema. Nina kilo themanini na nne na hazipandi wala hazishuki. Kila msimu ukifunguliwa napimwa kwanza hospitali, halafu nazunguka kwenye maghala. Kabla mzigo wa mtu haujapimwa, napanda mimi. Natoa sauti, nataja uzito wangu, nasubiri mizani nayo iseme. Makarani wa Bariadi wananijua, nasikia wananong'onezana, "Robota huyo," na wengine wanajidai mizani imeharibika.

Msimu mmoja nikasikia Baba Limi amehamia Lingeka, huko Meatu, anapima pamba. Nilipanda basi kwa ajili yake tu. Nilimkuta amenenepa, kitambi kinamtangulia. Nikapita mstari mzima wa watu nisiowajua nikapanda.

"Mimi nina kilo themanini na nne," nikawaambia. "Nimepimwa jana hospitali. Huyu alikuwa mume wangu. Someni wenyewe."

Walisoma. Sabini na tano.

Mama mmoja akavuta mzigo wake akautoa kwenye mstari. Wa pili akavuta. Vijana wakamzunguka Baba Limi. Akaniangalia, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Limi, utaniua."

Nikamjibu, "Sijui kama ni gredi ya kwanza au ni fifi." Nikashuka, nikaondoka, sikugeuka. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na nyumba ile ya bati nasikia imeuzwa. Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu ndani ya basi.

Furaha yenyewe iliishia njiani. Nilikumbuka kwamba nimewaambia ukweli watu wa Lingeka, wageni kabisa, nikiwa na mwili uleule mnene niliokuwa nauonea aibu. Hakuna aliyecheka. Walinisikiliza. Hata siku ile Ngulyati wangenisikiliza, na baba angekufa akijua alilima vizuri.

Dada yangu mwenye tezi kama yangu, meza kidonge chako kama ulivyoambiwa, na usikimbilie kukonda kwa ajili ya kumkomoa mtu. Moyo ukishaharibika haununuliwi dukani. Nawe mwenye neno la kusema, liseme leo ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Na kama una mzazi anayejilaumu kwa kosa unalolijua kuwa si lake, acha kusoma hapa umwendee.