Maisha Marefu ya Valvu za Baba

Baba ni mtu wa kutunza na mimi ni mtu wa kutumia, kwa hiyo tumegombana tangu nikiwa mdogo. Nyumbani kwetu Njombe sabuni nzuri iliwekwa mpaka ikapasuka. Blanketi la zawadi lilikaa sandukuni hadi nondo wakalimaliza. Sahani za wageni hazikuwahi kuona mgeni, kwa sababu kila aliyekuja Baba aliona huyu si yule mgeni hasa. Labda ndiyo maana nikafungua gesti Makambako, jirani na maegesho ya malori. Pale kila kitu kinatumika mpaka kiishe: shuka, ndoo, vitasa, na uvumilivu wangu.

Lakini hakuna kitu Baba alichokitunza kama mashine yake ya santuri. Aliachiwa na mwalimu mgeni waliyefundisha naye muziki, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Kulikuwa na kinanda cha kuzungushia santuri, spika mbili za mbao, amplifaya, na katikati yake kisanduku cha bati kinachoitwa priamplifaya. Kazi ya kisanduku hicho ni kuipokea sauti nyembamba inayotoka kwenye sindano na kuinenepesha kabla haijafika kwenye amplifaya. Ndani yake mlikuwa na valvu, vichupa vya kioo vyenye ukubwa wa kidole. Ukiwasha, muziki hauji papo hapo. Waya ulio ndani ya kioo huanza kuwa mwekundu, wekundu wa kaa lililofunikwa na jivu, halafu ndipo sauti inaingia chumbani taratibu. Utotoni nilikuwa nachuchumaa nyuma ya kisanduku nikichungulia kwenye matundu ya hewa, nje ukungu umegusa dirisha, na mwili ukinisisimka. Umri huu nilio nao bado sijui neno la kutosha kwa kitu kile.

Wakati wa kuagana, yule mwalimu alimwambia Baba kwamba valvu si za milele, kila saa zinapowaka zinakula umri wake. Hilo ni kweli. Hakumwambia umri wenyewe ni kiasi gani, na Baba hakuuliza. Alilichukua neno lile kama watu wa kwetu wanavyoichukua mbegu. Katika jiko la sisi Wabena mahindi ya mbegu hukaa darini, juu ya moto, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu, na hata njaa ikiingia hayaguswi. Baba akaamua valvu nazo ni mbegu. Zile za akiba alizoachiwa alizifunga kwenye maganda ya mahindi, akazipandisha darini ili unyevu usizifikie. Mashine yenyewe ikawa ya Krismasi na Pasaka, na ya siku nyingine yoyote yenye furaha kubwa, ilimradi yeye mwenyewe ameridhika kwamba ni kubwa.

"Nikistaafu nitazisikiliza zote," alikuwa akisema, akiwa ameweka mkono juu ya rundo la santuri.

Akastaafu. Krismasi iliyofuata aliwasha mashine, na badala ya kwaya ukatoka mngurumo uliojaa chumba kizima. Akazima haraka. Alisema valvu zimefika mwisho, kilichobaki ni kidogo, si cha kuchezea. Akaifunika mashine kwa kitambaa alichofuma Mama, na tangu siku hiyo ikawa mahali pa kuwekea picha za harusi za wajukuu.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka. Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu alimwita kutoka shamba la viazi, akamwita tena, naye yuko barazani ametulia kabisa. Daktari alituambia pole pole kwamba usikivu ule haurudi, utaendelea kupungua, na baada ya muda atabaki na maneno ya mtu aliye karibu sana. Alipewa kifaa cha sikioni. Kinamsaidia kwenye mazungumzo, ingawa muziki anasema kinaugeuza kuwa mabati yanayoburutwa. Siku nyingi hakivai, maana na betri zake nazo anazitunza.

Nilirudi Makambako siku hiyo nimekasirika, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Niliogopa kwamba Baba atamaliza kusikia kabla hajaanza kusikiliza.

Juma lililofuata nilikwenda Njombe, nikakaa ubavuni pake nikamwambia sikioni: "Baba, tuipeleke mashine Makambako. Kule kuna fundi."

"Atazimaliza kwa kuzijaribu."

"Na wewe unamtunzia nani?"

Mama aliacha kumenya viazi akatuangalia wote wawili. Asubuhi nilimkuta Baba amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amezichomoa valvu, akaivisha kila moja soksi ya sufu na kuziweka kwenye mifuko ya ndani ya koti, pamoja na zile za darini. Mashine tuliipakia kiti cha nyuma, na gari lote lilinuka moshi. Njia nzima alikumbatia kifua chake, na kila tulipopita shimo alinitazama kama mimi ndiye niliyelichimba.

Fundi wangu anatengeneza vipaza sauti vya makanisa na vya baa, kwenye kibanda kilichopakana na mashine ya kupasulia mbao.

"Kamwene," Baba alisalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mzee. Karibu uketi."

Baba alizivua soksi moja moja, polepole, kama anayewavua nguo watoto waliolala. Fundi alikuwa na kipimo cha zamani alichorithi kwa aliyemfundisha kazi, chenye matundu ya kuchomekea valvu na mshale unaoonyesha kama bado zina nguvu. Akachomeka ya kwanza. Tukasubiri iwake. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukaingia kwenye kijani na kutulia pale. Ya pili ikapanda vilevile, na iliyofuata nayo, na zote zilizokuwa kwenye mashine. Kisha akachukua moja ya darini, nyeusi kwa masizi, akaifuta kwa kitambaa mpaka kioo kikaonekana, akaichomeka. Mshale ukapanda kama kwa wenzake. Msumeno wa jirani ulikuwa unalia. Fundi alivua miwani, akaivaa tena, akaitazama valvu ile kama aliyesahau kwa nini ameishika.

"Mngurumo haukuwa wa hizi," alisema mwishowe, baada ya kufungua kisanduku na kuchungulia ndani. "Ni kapasita, hivi vikopo vya kutuliza umeme, zimekauka kwa kukaa bila kazi. Nitabadilisha, nitasafisha na miguu ya valvu, basi."

"Na zenyewe zina maisha gani?" nikauliza.

"Inategemea valvu ya wapi, dada. Zile kubwa zinazosukuma spika zinachoka mapema, ukizitumia sana miaka michache tu unabadilisha. Hizi ndogo za priamplifaya kazi yake nyepesi. Zinakwenda maelfu ya saa, na zikiwa nzuri hata elfu kumi na zaidi. Mtu anasikiliza kila jioni, miaka na miaka. Siku moja anaona moja imeanza kupiga kelele au sauti imefifia, anabadilisha hiyo. Hizi za mzee ni kama hazijaanza."

Baba hakuwa amesikia hata neno. Alikuwa ameketi, soksi mapajani, akisubiri hukumu. Ningeweza kumwambia kwamba ni nzima tu, tukaishia hapo. Lakini mimi sikuzaliwa na breki mdomoni, na niliona ni mali yake, ana haki ya kuijua yote. Nikainama nikamweleza kama fundi alivyoeleza.

"Kila jioni?" akauliza.

"Kila jioni, Baba. Tangu mwanzo."

Nilijiandaa kumwona akivunjika. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua ile iliyokuwa na masizi, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango na kuigeuzageuza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa.

"Basi zimenizidi," alisema. "Vitu vidogo hivi."

Na mimi niliyekuja na hasira ya miaka nikajikuta nimesimama nyuma ya bega lake nikiangalia alichokuwa akiangalia, vijiwaya vyembamba kuliko unywele, vilivyongoja juu ya moto wa Mama muda wote nilipokuwa nasoma, naolewa, nazaa, nafungua gesti. Nilimshangaa Mungu kwa kuwapa watu akili ya kutengeneza kitu kama kile. Nilimwonea Baba uchungu pia.

Mashine ilirudi Njombe ikiwa tayari. Ilikuwa mchana, jua limetoka baada ya ukungu, na Mama alikuwa ameondoa picha zote za harusi. Baba aliwasha mwenyewe. Alichagua santuri ya kwaya yenye wimbo aliowafundisha waimbaji wake walipokuwa vijana, Mama akiwa sauti ya kwanza. Valvu zikawa nyekundu, kwaya ikaingia, safi, bila mngurumo wowote, nami machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, amekunja uso.

"Imeanza?" akaniuliza.

Mama hakusubiri nijibu. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribiana, akaanza kuimba pamoja na santuri. Sauti yake imezeeka, inakwaruza juu, lakini maneno aliyajua yote. Baba alimtazama mdomoni. Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka gotini, ukaanza kuongoza, ukipanda pale kwaya inapopanda, ukishuka wanaposhuka, sawasawa kabisa. Nilishusha pumzi. Nilijiambia kumbe bado anasikia, kumbe tumewahi.

Katikati ya ubeti wa pili Mama alipaliwa. Akageuza uso pembeni, akakohoa kwenye kanga. Kwaya iliendelea kuimba kwa nguvu, chumba kizima kimejaa, na mkono wa Baba ulikuwa umesimama hewani, vidole wazi, unangoja. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliwangojea waimbaji kama mwalimu anavyowangojea wavute pumzi.

Mama alifuta mdomo, akasikiliza kidogo kujua santuri imefika wapi, akamrudia usoni. Alipofungua kinywa, mkono ule ukashuka pamoja na neno lake, na kwaya yote ikaenda nao wawili.